Kiwanda Kilichoandikwa Mara Mbili

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa karibu na Siakago nilipoanza kununua hisa. Walimu wenzangu wawili walizungumza habari za soko la hisa kila siku wakati wa chai, na mimi nilikuwa nimechoka kusikiliza tu. Nikafungua akaunti kwa simu, nikachagua kampuni ya kutengeneza chakula cha mifugo. Sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Mama yangu anafuga ng'ombe wa maziwa huko Kanyakine, na magunia ya kampuni hiyo nimeyaona ghalani mwake tangu nikiwa mdogo.

Baada ya mwaka hivi, kampuni ikatoa taarifa kwa vyombo vya habari. Mtu aliituma kwenye kundi letu la WhatsApp, nikaisoma nimesimama mlangoni mwa darasa. Ilikuwa na kurasa mbili na picha ya mkurugenzi amevaa kofia ya ujenzi. Waliitoa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, wakisema wanataka wafugaji nao wajisomee. Faida ilikuwa imepanda. Kiwanda kipya nje ya mji wa Embu, taarifa ilisema, "kimeanza kuwahudumia wafugaji wa Mlima Kenya".

Shule ilipofungwa jioni hiyo nilimpigia Mama, nikamshauri anunue hisa za kampuni hiyo. Nilijua ametoka kuuza miti yake ya mbao, na kwamba pesa zile zilikuwa zimekaa tu kwenye simu yake.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nimesoma taarifa yao yenyewe, Mama."

"Kama umesoma, sawa."

Mama aliacha shule akiwa darasa la nne. Kwake yeye, mimi kusema nimesoma lilikuwa jambo zito. Sikulifikiria hilo wakati ule. Nilimnunulia hisa zile wiki hiyohiyo, nikalala vizuri.

Aliyenikosesha raha ni mwalimu wa hisabati, mama mmoja mpole ambaye meza yake ilipakana na yangu. Nilimwonyesha ile taarifa kwa majivuno kidogo. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Hii ni nzuri. Na ripoti iko wapi?"

"Ripoti gani tena?"

"Ile wanayompelekea mdhibiti wa soko. Kwa magazeti husema wanachopenda. Kwa mdhibiti husema wanacholazimishwa."

Ripoti haikuwa imefichwa. Ilikuwa kwenye tovuti, mahali ambapo sikuwahi kubonyeza, na ilikuwa ya Kiingereza peke yake. Mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, pale Siakago aliponichapishia maelezo ya hesabu pamoja na barua ya wakaguzi aliniuliza kama narudi chuo. Jumamosi asubuhi nikaketi mezani na taarifa upande huu, ripoti upande ule, na kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia insha.

Faida ilikuwa imepanda, kweli. Lakini maelezo yalieleza kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na kuuza shamba la kampuni, wala si kuuza chakula. Chakula kilichouzwa kilikuwa kimepungua. Nikasoma aya hiyo mara tatu, nikainuka kuchemsha chai, nikasahau chai. Kurasa kadhaa mbele nikakuta kiwanda cha Embu. Kilikuwa kwenye orodha ya ujenzi ambao haujakamilika. Kilitarajiwa kuanza kazi iwapo kampuni ingepata mkopo mwingine. Kwenye barua yao, wakaguzi waliwaomba wasomaji waangalie aya hiyo kwa makini.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilifahamu vizuri tofauti ya "kimeanza" na "kinatarajiwa kuanza", kwa sababu nilikuwa nimetoka kuifundisha kidato cha pili. Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Karatasi zote mbili zilitolewa siku moja. Siku ile nilipompigia Mama, ripoti ilikuwa pale pale, imetulia, inangoja mtu aifungue.

Wiki iliyofuata sikuwa mtu wa kutulia. Niliangalia bei ya hisa kati ya kipindi na kipindi. Nilisahihisha insha moja mara mbili na kuipa alama tofauti, mwanafunzi akaja kuniuliza achukue ipi. Nikajiambia huenda ripoti iliandikwa mapema, huenda mashine zilifika baadaye, huenda sikuelewa. Ilipofika Jumamosi nilienda Embu kujionea.

Mwendesha bodaboda alipafahamu mahali penyewe. Palikuwa na ua wa mabati, lango, na bango kubwa la kampuni lenye picha ya ng'ombe. Mlinzi, mzee aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali, alinifungulia mlango mdogo.

"Nimekuja kuona kiwanda," nikamwambia. "Mimi ni mwenyehisa."

Neno hilo halikumtisha. "Kiwanda ndiyo hii, madam."

Ndani mlikuwa na nguzo, sakafu ya saruji na paa la upande mmoja. Mbuzi wanne walikuwa wamelala kivulini.

"Na mashine?"

"Hakuna mashine imekuja hapa. Walikuja watu na kamera, wakavaa hizo kofia, wakaenda." Akanitazama usoni, nadhani akaona kitu. "Lakini wanasema watarudi. Mimi nalipwa kila mwezi, siwezi sema vibaya."

Nilimshukuru. Niliporudi barabarani sikujua kama nilichohisi ni hasira au ni aibu.

Kutoka Embu nilipanda gari moja kwa moja hadi Kanyakine. Nilimkuta Mama akikata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote kwa Kimeru, maneno ya hesabu yakinishinda, nikirudia rudia. Hakuacha kukata.

"Duka la hapa sokoni halijaletewa magunia yao tangu mvua ianze," alisema. "Siku hizi nachanganya chakula mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniambia umesoma." Sasa akasimama wima. "Hiyo karatasi ya pili, siku ile uliponipigia, ilikuwepo?"

Ningeweza kudanganya. "Ilikuwepo, Mama."

Alikusanya majani aliyokuwa amekata. Kisha akasema, "Mwari," neno la kwetu la kumwita binti, ambalo hakuwa amenitumia tangu niolewe, "uza zangu. Zako fanya unavyotaka."

Niliziuza Jumatatu wakati wa mapumziko, kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia. Nilijazia pengo kwa mshahara wangu nikamtumia pesa kamili. Aligundua mara moja, akanirudishia ile ziada bila ujumbe wowote. Hilo lilinichoma kuliko kama angenikaripia.

Zangu sikuziuza. Nilitaka kwanza mtu anijibu. Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika kwa simu, na wenyehisa tuliruhusiwa kutuma maswali mapema. Niliandika swali langu kwa uangalifu kama wa mtihani: taarifa inasema kiwanda cha Embu kimeanza kuhudumia wafugaji, ripoti inasema hakijakamilika, mimi nimefika nikakuta nguzo na mbuzi, ni karatasi ipi tuiamini?

Siku ya mkutano sikuwa na kipindi. Nilisimama nyuma ya chumba cha walimu, simu sikioni, mwalimu wa hisabati kando yangu. Baada ya hotuba, katibu wa kampuni akaanza kusoma maswali. Langu lilipofika nililitambua kwa neno Embu tu.

"Mwenyehisa mmoja kutoka Mlima Kenya anaipongeza kampuni kwa kiwanda cha Embu, na angependa kujua uwezo wake utaongezwa lini."

Mkurugenzi akashukuru kwa swali zuri. Akasema mipango inaendelea vyema.

"Si swali langu!" nilipiga kelele, ingawa simu yangu haikuwa na njia ya kusikika upande wa pili. Walimu wakageuka. Mwenzangu akanishika mkono. "Umeuliza," aliniambia. "Nao wamejibu kwa namna yao." Nilitoka nje nikazunguka uwanja wa mpira mara kadhaa, katika vumbi, hadi kengele ya somo lililofuata ikalia.

Ningependa kusema kwamba kampuni ilianguka nikaonekana mwerevu. Haikuanguka. Wiki chache baadaye walitoa taarifa nyingine tamu, bei ikapanda, na kwa miezi miwili hisa za Mama tulizouza kwa hasara zilikuwa na thamani kubwa kuliko bei tuliyonunulia. Aliniuliza mara moja tu, "Tulikosea?" Nikamjibu sijui, na ulikuwa ukweli. Kisha kampuni ikatangaza kwamba faida itashuka sana, bei ikateremka, ikakaa huko chini. Kiwanda kilikuja kufunguliwa baadaye, nusu ya ukubwa uliotangazwa. Safari hii ripoti na taarifa zilikubaliana, na nilizisoma zote mbili kwa shaka ileile.

Mama alinunua mtamba kwa pesa zake, na mtamba huyo amekwisha kuzaa. Mimi hisa zangu bado ninazo. Mume wangu akiniuliza kwa nini, kila mara humpa sababu tofauti: nangoja bei, nangoja gawio, nataka kubaki na haki ya kuuliza. Huenda hakuna hata moja iliyo ya kweli. Ninachojua ni kwamba siku matokeo ya kampuni yanapotoka sitoi insha darasani, kwa sababu sitazisahihisha kwa haki. Nazima simu, nachapisha ripoti, na kuanza kusoma kutoka nyuma, kwenye maelezo, kalamu mkononi, nikiinuka na kuketi.