Matundu Manne Ukutani

Mpangaji wa chumba cha nyuma, mlinzi wa mashamba mwenye bunduki ya kibali, alikuwa na vidole vinene vilivyozoea kuvuta kila kufuli mara tatu. Risasi aliziweka kwenye sanduku la pekee, mbali na bunduki, na ufunguo aliuvaa shingoni. Shida ilikuwa ukuta. Mkaguzi wa silaha alishasema kabati la bunduki lisipofungwa ukutani kwa bolti, kibali basi, na mama mwenye nyumba hakuruhusu hata msumari wa kalenda. Mpangaji akambembeleza wiki nzima kwa sauti yake ya chini, mpaka mama akakubali matundu manne, "na la tano unahama!" Siku ya ukaguzi, mkaguzi alilikumbatia kabati, akalitikisa hadi kofia ikamdondoka. Halikusogea. "Limepita," akahema, akatia sahihi. "Sukuma tena, mwanangu!" mama akapiga vigelegele mlangoni. "Ukuta huo niliujenga mwenyewe!"