Fuko Kwenye Saruji

Shuleni ninakofundisha, huko Lavington, kila mwaka kuna wiki ya kuwaeleza watoto jinsi kila mnyama alivyoumbwa kwa mwendo wa mahali anapoishi. Samaki ana mapezi, bata ana ngozi katikati ya vidole, tumbili ana mkia wa kujisawazisha. Watoto huchora, nami hutia alama ya vema. Fuko hayumo kitabuni. Ningemwongeza mwenyewe, lakini sikuwa na neno jema la kusema juu yake, kwa sababu alikuwa akila shamba la mama.

Kuliita shamba ni heshima tu. Ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yetu Waithaka, kimezungukwa na magorofa pande tatu, na nguo za wapangaji wa jirani hudondosha maji juu ya viazi vitamu. Kaka yangu alitaka kujenga hapo pia. Mama alikataa miaka kadhaa, kisha akachoka kubishana, akampa sharti mbele yangu. Jumapili ya mavuno ikifika na viazi vyake vikajaza gunia la kupeleka kanisani, shamba litabaki shamba hadi afe. Visipojaza, ajenge.

Gunia hilo si mchezo kwa mama. Siku hizi wengi hununua viazi soko la Kawangware asubuhi hiyo hiyo, wakaenda kuvitoa madhabahuni kana kwamba wamevipanda. Mama anawajua mmoja mmoja. Wakipita mbele yake, anakohoa tu.

Mvua ilipopungua, vilima vya udongo mbichi vikaanza kutokeza kati ya matuta. Ukivuta shina la kiazi linakuja lenyewe, chini hamna kitu. Mama alitia pilipili kwenye tundu, akatia moshi, akamwaga maji ya sabuni. Fuko akahamia tuta la pili. Kaka yangu alikuja Jumamosi, akatazama uharibifu ule, akanywa chai, akaenda zake. Nilimchukia kidogo, maana nilidhani anapanga vyumba kichwani.

Jumamosi iliyofuata akaja na waya na ufito. Marehemu baba ndiye aliyemfundisha kutega. Alifungua njia ya fuko, akaweka kitanzi ndani, akaukunja ufito juu yake. Fuko havumilii tundu wazi. Akihisi hewa inaingia, lazima aje kuziba.

Alinaswa kiunoni kabla hatujamaliza chai, akiwa mzima. Kaka alimfungua, akamweka kwenye saruji ya uani, na hapo ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Meno yake ya rangi ya chungwa yako nje ya midomo, na midomo hufunga nyuma yake, ndiyo maana anachimba kwa meno bila kula udongo. Masikio yamefichwa, macho ni madogo kama mbegu za mchicha, manyoya ni laini asikwame popote. Chini kule anaweza kwenda kinyumenyume sawa na anavyokwenda mbele. Juu ya saruji, yote hayo hayakumfaa. Miguu mifupi ilikwaruza pale pale, meno yakagonga, tumbo likaburuzika. Kuku walikuja kumshangaa.

Mama alikaa kwenye stuli, akamtazama kwa muda. Kisha akamwuliza kaka, bila ukali, "Hiyo nyumba yako ukijenga, mimi utaniweka wapi?"

"Ground floor, mum. Hutapanda ngazi."

"Na nikitoka nje, nitakanyaga nini?"

"Tutaweka cabro, uani kote kuwe tofali. Hakutakuwa na matope."

"Sawa," mama akasema.

Kaka alitazama miguu ya mama, mitupu, yenye udongo mwekundu hadi vifundoni. Fuko alikuwa bado anakwaruza. Kaka akachukua jembe akamuua kwa pigo moja, maana Waithaka hakuna mtu anayemwachilia fuko, akamfukia chini ya mgomba. Halafu akafungua mfereji, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi niliyapenda mabega yake yaliyoinama siku hiyo, na si kawaida yangu kumpenda.

"Mavuno ni Jumapili gani?" akauliza, akiwa bado ametupa mgongo.

"Ya mwisho ya mwezi."

"Nitaleta gari tubebe gunia."

"Gari ya nini? Nimeshaangalia. Viazi zenye zimebaki haziwezi jaza gunia." Mama alisema hivyo akiangalia matuta, si sisi. "Mimi si wa kununua Kawangware. Tulipatana, jenga tu."

Kaka akafunga mfereji, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Basi tutafute gunia ndogo, mum."