Suruali Zisizofuliwa

Shemeji yangu Ardith Vossler amefua jasho la vijana wa chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kupigiwa makofi hata siku moja. Chumba chake kiko chini ya jukwaa la uwanja: mashine tatu, redio, na kiti cha kuokota. Hapa Iowa msimu wa mpira ukianza, yaani huu mpira wetu wa kuvaa kofia ngumu na kugongana, hata mahindi husubiri shambani. Chuo chetu kilikuwa kikifungwa karibu kila Jumamosi. Tulikwenda uwanjani kula soseji.

Msimu ule mashine ziligoma siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Vijana wakaingia uwanjani na suruali za mazoezi, zimejaa matope na majani, wakashinda. Jumapili Kocha Randy Kubicek, mtu mzima mwenye digrii mbili, alimfuata Ardith akiwa amekumbatia gunia la suruali kama kichanga.

"Mama, hizi hazifuliwi tena mpaka tufungwe."

"Kocha, umegongwa kichwa?"

"Bahati iko humu."

"Humo mna jasho la makalio arobaini."

"Hilo hilo. Usiliguse!"

Tukashinda ya pili, na mji mzima ukaingia wazimu. Muuza mikate akaacha kufua aproni. Mchungaji wetu wa Kilutheri, ambaye namheshimu kwa mambo mengine, alivaa soksi zilezile wiki tano. Mimi ninayeshika mnyororo wa kupimia yadi pembeni mwa uwanja sikubadilisha fulana ya ndani, na mke wangu akanihamishia kwenye kochi.

Ardith peke yake ndiye aliyebaki na akili. Baada ya mechi hiyo ya pili aliona jipu kwenye paja la Tobiah Renfrow, mmoja wa wachezaji wetu wa ulinzi, jekundu na kubwa kama yai. Alimwambia Kocha. Kocha akajibu kwamba wanaume hujikaza.

Kuanzia hapo, mashine zikiwa zimeshatengenezwa, kila Jumapili watu wakiwa kanisani, Ardith alizifua suruali zote kwa maji ya moto. Aliruka tu ile hatua ya kuloweka, ili madoa yabaki. Harufu ya uchafu haikuwa shida kuirudisha: alitupia ndani ya gunia soksi za Kocha mwenyewe, zikafanya kazi yote. Nilijua mimi tu, kwa kuwa sabuni nilimpelekea mimi.

Wiki ya mechi ya mwisho, tumeshinda nane kwa nane, Kocha alitoroka ibada akaja kuziaga suruali zake. Akazikuta zinazunguka kwenye povu, nami nimeshika pakiti ya sabuni.

"Umetuua!"

"Hii mara ya saba nazifua, Kocha. Mmefungwa lini?"

Kocha akakaa kwenye kile kiti. Hesabu ilimwingia polepole.

"Watu wakijua, nitachekwa mpaka Nebraska," akasema. "Ukifungua mdomo, mama, kazi huna. Na wewe mzee, shemeji yako atalipia mdomo wako."

Ardith alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siri ikabaki yetu watatu. Nilitamani kumzungushia yule bwana mnyororo wangu shingoni.

Tukashinda ya tisa. Kwenye karamu ya timu, baina ya kuku na pai ya maboga, Kocha alinyanyua suruali ya Tobiah juu, akamshukuru Mungu, wazazi, na uchafu. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Ardith aliinamia pai yake, na mimi nikaisukuma yangu kando.

Mkuu wa chuo akaagiza kabati la kioo mlangoni mwa jengo la michezo, ziwekwe humo suruali za mechi ya mwisho.

"Zipange kama zilivyotoka uwanjani, mama," Kocha akasema. "Usizifue."

"Sawa, Kocha," Ardith akajibu, na kwa mara ya kwanza akatii.

Chini ya kabati kulipita bomba la kupashia jengo joto wakati wa baridi. Kufika Februari, siku ya kuwapokea wazazi wa wanafunzi wapya, mama mmoja aliuliza kwa upole kama kuna mnyama amefia ukutani. Mkuu wa chuo akamgeukia Kocha. Kocha akamwita Ardith, akamnong'oneza.

"Mama, kazifue."

"Sikusikii, Kocha."

"Zifue!"

"Bahati si itatoka?"

Wazazi wote walikuwa wanatazama, pua zimefunikwa kwa skafu. Kocha alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Zifue kama ulivyokuwa unazifua msimu mzima," akasema, na safari hii hata mlinzi wa getini alisikia.

Tobiah, aliyekuwa akiwatembeza wageni, alishika paja lake pale jipu lilipokuwa. Kisha akaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata.

Ardith alisimama akiwatazama, machozi yanamtoka bila kificho.

"Haya, makofi yametosha," akasema. "Tobiah, njoo ushike gunia."