Mama Lusia Hakuuza Tumbo

Watu wa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, hawakosi jibu. Ukipata, umetoa kafara, ukikosa, umerogwa. Basi Zipora, ambaye wote wanamwita Mama Lusia, alipotoka Dar es Salaam na kuanza kupungua mwezi hadi mwezi, jibu halikuchelewa: kauza tumbo lake kwa mganga ili duara lake litoe dhahabu.

Duara ni shimo la wachimbaji, na hilo aliachiwa na marehemu mumewe, Mayala. Miaka sita aliliendesha akiwa amekaa juu kwenye kiti, maana uzito, sukari na magoti havikumruhusu hata kuinama achungulie ndani. Mayala alijivunia unene ule. Aliona unaonyesha mke anatunzwa. Magoti hakuyauliza mtu.

Kilichomponza Mama Lusia ni sinia. Vijana wake hawashuki kabla ya kula ugali na mwenye duara, sinia moja. Zamani alikuwa akishindana nao. Sasa anakula matonge matatu, anatafuna taratibu mpaka unatamani kumsaidia, kisha ananawa. Kwao huo ukawa ushahidi kwamba chakula chake kinaliwa na mwingine.

Jumatatu moja aliwakuta wamekaa tu, tochi zipo chini. Msimamizi wao, Mwita, aliinuka.

"Shikamoo, Mama Lusia."

"Marahaba. Mbona mmekaa?"

"Vijana wanaogopa, Mama. Wanasema tumbo lako liko kwa mganga, na sasa duara litataka mtu."

Hasira zilimpanda. Alipokwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji aliaga kwamba anakwenda kusalimia ndugu, kwa sababu aliona aibu. Siku hiyo aibu ikamwisha. Shemeji zake walikuwa wanangoja duara lisimame tu ili walichukue, wakidai mjane kashindwa.

"Tumbo langu lilikatwa na daktari!" alisema. "Kapunguza mfuko wa chakula, kaniachia mdogo. Mafuta hakuyagusa. Yamepungua kwa mimi kula kidogo na kutembea."

"Si ungejinyima tu?" Bujiku alidakia, yule mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote. "Hiyo ni njia ya mkato, ya wavivu."

"Nimejinyima miaka kumi, Bujiku! Nilikuwa napungua, kisha unene unarudi na kupita pale nilipoanzia. Mkato uko wapi? Vidonge vya vitamini nitameza mpaka nizikwe. Nikila kwa pupa natapika. Nikizoea tena soda na maandazi, nanenepa upya. Daktari hakai kwangu kunichunga, najichunga mwenyewe."

"Basi ulitafuta urembo."

"Yaya, hapana!" Kisukuma kilimtoka. "Nilitafuta kuishi. Urembo nao ukija, siufukuzi."

Walicheka, lakini hakuna aliyeinuka. Kicheko bila kazi kilimuudhi kuliko matusi. Akakaza kitenge juu ya suruali, akachukua kofia ya Mwita na tochi yake.

"Mmesema litataka mtu. Haya, lianze na mimi."

"Mama, mwanamke hashuki!" Mwita alipinga.

"Mwenye duara anashuka."

Alishika ngazi ya miti. Hakujidanganya kwamba haogopi. Alishuka mguu baada ya mguu, na yale magoti yaliyokuwa yakimliza akienda sokoni yakamtii.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Aliinua tochi. Mwamba wenye dhahabu ulipita ukutani mbele yake, na alama za nyundo za Mayala zilikuwa bado zinaonekana. Miaka yote hiyo duara lilikuwa lake, na alikuwa hajawahi kuliona. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Kisha akapaza sauti: "Nimefika! Mimi huyu, mzima! Asiyetaka kazi yangu aende zake, nitachimba mwenyewe!"

Ngazi ikaanza kutikisika, na buti za Bujiku zikatangulia kuonekana.