Nyigu na Kamba ya Ami

Leo nimebandua kiota cha nyigu dirishani, na harufu ya udongo wake imenirudisha kwetu, siku zile mama akikaa eda ya baba.

Kama sikosei ilikuwa asubuhi. Nyigu alimdunga buibui, akampooza bila kumuua, akamwacha chini ya ukuta ili akatazame shimo lake. Nyigu mwingine akaja, akaanza kumburura.

"Mama, amemwibia mwenzake!"

"Wacha nyigu. Nani huyo uani?"

Alikuwa ami, ndugu yake baba, akipima nyumba yetu kwa kamba.

"Mwambie angoje nitoke eda."

Nikamwambia. Akacheka. "Nangoja, mwanangu. Napima tu."

Huenda alikuwa na fungu lake. Mimi mirathi sikuisoma. Ila niliporudi ukutani, buibui alikuwa angali anatikisa mguu, anakwenda anakopelekwa.