Hakuna Asiyejua Njia

Mtu wa kwetu ukimuuliza njia hawezi kukwambia hajui. Anakuonea huruma. Umetoka mbali, vumbi limekujaa mpaka kwenye nyusi, halafu akuache uondoke mikono mitupu? Basi anakupa njia. Kama ipo au haipo, hilo utamalizana nalo wewe na miguu yako.

Asubuhi ile nilikuwa nyumbani Manundu, Korogwe, simu ilipoingia: mama mkubwa amefariki, anazikwa baada ya adhuhuri. Ndiye aliyenilea, akanisuka, akanichapa. Siku hizi alikuwa amehamia kwa binti yake, kwenye shamba jipya la mihogo huko ndani ya Mkata, Handeni, na mimi sikuwahi kufika. Nilitaka kitu kimoja tu: nimwone uso kabla hawajamtoa ndani.

Mjomba, kaka yake marehemu, akawasha pikapu yake.

"Unapajua lakini?" nikamuuliza.

"We mtoto! Handeni nzima naijua."

Na mimi, mama mzima mwenye mkwe, nikapanda.

Tulipoacha lami pale Mkata, mtandao wa simu ukakata. Njia panda ya kwanza tukawakuta wazee wawili wanakunywa kahawa. Mmoja akasema kushoto, mwingine kulia, na kila mmoja anaapa wallahi. Mjomba akachagua kushoto kwa sababu yule wa kushoto kanzu yake ilikuwa safi. Kijana wa bodaboda akatuambia tunyooshe, hapo mbele kidogo tu, tutaona watu. Tukanyoosha, tukaona ng'ombe. Mchungaji wao naye alikuwa anajua: "Msiba? Si huo nyuma ya kilima!" Nyuma ya kilima palikuwa na kilima kingine.

Ndipo tukamkuta mama mmoja anamenya mihogo uani kwake.

"Huo msiba siujui, baba," akamwambia mjomba. "Ila subirini kidogo, nimwite jirani. Yeye ana ndugu zake huko mashamba mapya."

Mjomba akafyonya. "Mtu mzima hajui hata msiba! Huyu atatupotezea muda."

Nilikuwa nimeshashika mlango nishuke. Gari likaondoka. Jamani, nilimchukia mjomba wangu siku ile.

Tulipofika hatimaye, baada ya kuzunguka sana, wanawake walikuwa kwenye mikeka na wanaume wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Nikaangua kilio pale pale getini. Binti wa marehemu akaja kunikumbatia, kisha akanitazama kwa mshangao.

"Mmekujaje? Si gari limewaharibikia Segera?"

"Nani kasema?"

Akaninong'oneza. Shehe alikuwa amewasubirisha watu, anauliza kama kuna ndugu wa kungojewa. Mzee mmoja jirani akasimama, akasema hao wa Korogwe leo hawafiki, gari limekufa Segera. Basi wakamfunika mama mkubwa uso, wakamtoa.

Nikamfuata yule mzee pale alipokuwa ananawa udongo mikononi.

"Shikamoo, mzee. Nani alikwambia gari letu limeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Akanitazama kwa upole kabisa, hana hata chembe ya aibu. "Hakuna aliyeniambia. Watu walikuwa wanauliza, na hapakuwa na mtu wa kuwajibu."