Fomu ya Mzee Kabura

Mvua ya kwanza ilipopiga milima ya Kalinzi, harufu ya udongo iliingia hadi jikoni, na nyuma yake ukaja mngurumo wa maji. Yalishuka mashambani mekundu, yamebeba samadi, mbegu za maharage, pengine hata mgomba mzima, yakielekea Ziwa Tanganyika. Baba, bwana shamba aliyehamishiwa huko kutoka Singida, alisimama barazani akisema kwa uchungu, “Shamba la mtu lile, linakwenda Kongo.”

Shamba moja tu halikuteremka. Lilikuwa la Mzee Kabura, aliyekimbia mauaji Burundi akiwa kijana, miaka mingi kabla sijazaliwa, akaoa kijijini pale na kubaki. Alichimba makinga maji kukata mteremko, akapanda matete juu ya kila tuta. Alipima usawa kwa miti mitatu aliyoifunga mfano wa herufi A, na jiwe likining’inia katikati kwa kamba. Majirani walimcheka kwamba analimia ng’ombe asiokuwa nao. Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa. Maharage yao yakaondoka, yake yakabaki, na kiangazi kilipofika chemchemi iliyo chini ya shamba lake ndiyo pekee haikukauka. Wakaanza kwenda kwake mmoja mmoja, na majembe begani, wakiona haya. Aliwapimia wote bila malipo. Mimi nikipita kuteka maji aliniita “mwana wanje”, mwanangu, akinikatia muwa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja wilaya ilipotaka majina ya wakulima bora. Baba aliifungua fomu mezani akanipa kalamu, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Niliandika jina, ekari, mazao. Nikafika mstari mmoja nikasita.

“Baba, hapa wanauliza mahali alipozaliwa.”

Baba aliivuta fomu akausoma mstari ule mwenyewe. Wakati huo wakimbizi wapya walikuwa wakiingia kwa maelfu, wengine kwa mitumbwi hadi Kagunga, na mjini watu walishaanza kuwatazama Warundi kwa jicho jingine.

“Andika ukweli,” alisema. “Mtu kama huyu hana cha kuficha.”

Nikaandika Burundi, kwa herufi nzuri za kuunganisha.

Majibu yalikuja: Mzee Kabura ameshinda, atapewa baiskeli. Mkewe, Bi Restuta, alimshonea shati jipya. Lakini kabla ya siku ya sherehe ilitoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, wa juzi na wa zamani. Lori lilifika asubuhi, watu wakiwa shambani. Afisa aliyeshuka alikuwa na karatasi, akasoma majina. La Mzee Kabura lilikuwa la tatu. Mwenyekiti wa kijiji akamsihi: “Huyu ni wetu, mkuu. Ametuzikia wazazi wetu.” Afisa akajibu kwamba yeye anafuata orodha. Bi Restuta, Muha wa pale pale, hakutakiwa kwenda. Alifunga kanga kiunoni, akapanda lori akakaa karibu na mumewe.

Siku ya sherehe baiskeli alipewa mshindi wa pili. Aliipokea akitazama chini, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Baba alihangaika hadi akapata kibali cha kuingia kambini, akanichukua. Tulimkuta Mzee Kabura amechutama nje ya hema, akichimba mfereji kwa kijiti. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, “Shikamoo, babu,” naye akanishika kichwa.

“Mzee, nisamehe,” Baba alisema. “Ile fomu mimi ndiye niliyeipeleka wilayani.”

Mimi nikaanza kulia. “Ni mimi niliyeandika, babu.”

Alitutazama kwa zamu, kama hakuelewa tunaomba msamaha wa nini. “Nani hakujua mimi ni Mrundi? Nikisema neno moja tu, mtu anajua.” Akainama tena kwenye mfereji. “Bwana shamba, tuta la juu, pale kwenye mkuyu, lilikuwa limeanza kubomoka. Mwambie mtu alizibe kabla ya mvua kubwa.”

Alifariki kabla mvua hizo hazijakwisha. Homa, walisema. Baba hakuwahi kujua kama orodha ilitokana na fomu yetu au na midomo ya watu, na mimi pia sijui. Ninachojua ni kwamba Baba alifanya kazi ya ubwana shamba miaka kumi na miwili zaidi, na kila mwaka fomu zilipoletwa alizirudisha tupu, bila jina la mtu.

Mwaka jana nilipanda Kalinzi kwa bodaboda. Sasa kuna semina za kuhifadhi ardhi, na mlima mzima umechorwa matuta hadi karibu na kilele. Katika lililokuwa shamba la Mzee Kabura nilimkuta kijana akipalilia kahawa. Nilimuuliza nani alichimba makinga maji yale. Alijinyoosha, akafikiri.

“Nadhani ni mradi, mama. Walikuja wazungu zamani.”

Nilimwambia aliyeyachimba alikuwa nani, alitoka wapi, na alichukuliwa vipi. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akiegemea jembe. Kisha akaitazama kahawa yake, akaniuliza kama huyo mzee aliacha watoto, na nilipomwambia hakuacha, niliona mabega yake yakilegea kwa nafuu.